Miaka Ishirini na Miwili Niliyojiongeza

Mwanangu Mahfudhi,

Salamu nitazitia mwishoni, nikizikumbuka. Sasa nina haraka. Wewe umekwenda Tononoka kuaga rafiki zako, mama yako yuko juu anapanga nguo zako sandukuni kwa mara ya tatu, na mimi nimejifungia huku chini penye meko yangu ya halua, kwa kuwa ndipo pahala pekee katika nyumba hii pasipo na mtu wa kunikata maneno. Kalamu nimeazima kwa Bohora wa dukani. Ameniuliza, "Mzee Shee, waandika wasia?" Nikamwambia, "Ndiyo, na wewe nimekuachia mwiko wangu, ukoroge halua upunguze tumbo."

Hati yangu waijua. Skuli ya wamishenari nilikaa miaka miwili, nikafukuzwa kwa kumwigiza mwalimu anavyokwenda. Herufi nilizipata zote. Vituo sikuvifikia, navitia kwa kukisia kama chumvi.

Mambo ya sweta, ya soksi mbili mbili na ya kutokula nyama usiyoijua imechinjwa na nani, mama yako amekwisha kukueleza mpaka umeota. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu. Katika ile karatasi ambayo wewe na daktari wako mwakwenda kuisoma Ulaya, kwenye mkutano wa mabingwa wa uzee, jina langu liko juu kabisa, na mbele yake umeandika miaka tisini. Mimi sina miaka tisini. Nawe wajua. Ulijua siku ile ile ulipoandika.

Wacha tuirudie siku hiyo. Nataka uione kwa macho yangu.

Daktari alikuja barazani kwetu baada ya alasiri, na mkoba wake, na kile kichuma cha kubana kwa mkono, na wewe msaidizi wake nyuma yake na daftari, umevaa koti jeupe la hospitali, umependeza nikashindwa kukutania. Baraza letu lina sheria zake. Kahawa ikitoka kwenye dele, kikombe cha kwanza ni cha mkubwa wa waliokaa, na mkubwa huyo ndiye mwenye neno la mwisho. Miaka mingi mimi na Fundi Omari mshona kofia tukinyang'anyana ukubwa huo, maana hapana aliyejua nani kamtangulia nani duniani. Daktari hakuyajua hayo. Akaanza na Omari.

"Mzee, una miaka mingapi?" ukamfasiria.

Omari akashika ndevu. "Thamanini," akasema. "Na ushei."

Watu wakasema mashallah. Damu ikanipanda. Ilipofika zamu yangu nikasema tisini, na sauti nikaishusha kidogo, kama mtu asiyependa kujisifu.

"Tisini?" Omari akageuka mzima. "Wewe Shee?"

"Mimi. Nilikubeba mgongoni. Ulinikojolea, umesahau?"

"Ngoja, daktari. Ile miaka niliyokaa Lamu sikuihesabu. Mwambie aongeze saba."

"Lamu ulikaa miezi miwili, ukatoroka kwa mbu!"

Basi baraza zima likaingia mbio. Kila aliyeulizwa alitaka kumpita jirani yake, hata yule Bwana Ali ambaye harusi yake sote tuliicheza tukiwa watu wazima akajipa thamanini na tano. Angalikuwapo jogoo pale angalisema ana mia. Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Wewe hukucheka. Kalamu yako ilisimama, ukaniangalia mara moja, ukainamisha macho, ukaandika tisini.

Ungefanya nini? Mtoto aliyelelewa hamwambii baba yake mbele ya watu kwamba ni mwongo. Nani alokulea hivyo? Mimi. Ulikuwa na miaka sita, nimekaa pale pale barazani nawasimulia wenzangu ile hadithi ya papa niliyempiga kwa mwiko wa halua hapo chini penye maji. Ukasema kwa sauti yako nyembamba, "Baba, lakini alikuwa amekufa tayari." Watu wakacheka. Nikakushika mkono, nikakupeleka ndani, nikakuchapa. Papa alikuwa amekufa, Mahfudhi. Alikuwa ananuka. Nilikuchapa kwa kusema kweli, kisha nikatoka nje nikaimaliza hadithi. Umri wote huu sijapata kukuambia, na wanasema mzazi haombi radhi kwa mtoto. Wao waseme. Mimi naomba.

Sasa yule daktari. Alinipa kichuma nibane, nikabana, akakiangalia, akanipa tena. Alishangaa sana: mtu wa miaka tisini ana mkono wa kijana! Hakuniuliza mkono huu umefanya kazi gani. Angaliniuliza ningalimwambia miaka arubaini nakoroga halua, na halua haina huruma, ukiacha kukoroga dakika moja inashika chini na kazi ya kutwa nzima imekwenda. Yeye akanifunua mdomo akahesabu meno, vile watu wanunuavyo punda. Akakupa maneno ya kuandika, akaondoka. Miezi minane baadaye karatasi ikatoka: wazee wa Mji wa Kale wa Mombasa wanafika tisini na nguvu zao, na siri yake ni samaki na nazi.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, wenzangu wakakushika uwasomee kwa Kiswahili. Walipiga makofi. Omari akasema kuanzia leo hali tena nyama. Wewe ulisoma kama mshitakiwa anayesomewa hukumu, kisha ukakunja karatasi ukaenda zako bila kunywa kahawa. Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Si kwamba nimekuwa mtu mwema ghafla, usije ukawaambia watu. Ni mama yako.

Alikuwa dirishani juu, amesikia yote. Nilipopanda kula, alinipakulia wali, akaketi akanitazama.

"Baba Mahfudhi, uliponioa uliwaambia wazee wangu una miaka mingapi?"

"Ishirini na mitano."

"Mimi nilikuwa na kumi na minane. Leo nina hamsini na sita. Wewe una tisini. Hebu nambie, ulipita njia gani ya mkato?"

Nikajifanya nina mwiba wa samaki kooni. Kweli yenyewe, mwanangu, nilipomposa nilikuwa na thalathini. Nilijipunguza mitano nipate mke, nikajiongeza ishirini na miwili nipate kikombe cha kahawa. Huyo ndiye baba yako, umchukue hivyo hivyo.

Lakini mama yako hakuwa akicheka. Akasema, "Mtoto atasimama mbele ya Wazungu na uongo wako mkononi. Siku watakayoujua hawatasema Shee ni mwongo, Shee hawamjui. Watasema yule kijana mweusi hakujua kuhesabu. Na lile lake moja walilompa, zile dakika kumi za kusema, hawatampa mwengine tena."

Wali ukanikwama kweli sasa.

"Nifanyeje?" nikamwuliza. "Sijui nimezaliwa lini. Nani ajuaye?"

"Ajuaye yuko nyumba ya nne kutoka hapa," akasema, "ila nyinyi waume hamjapata kumwuliza kitu."

Alimtaja Bi Rukia. Wewe wamjua kwa visheti vyake vya sikukuu tu. Mimi naingia kwake bila pazia, kwa kuwa mama yake alininyonyesha mama yangu alipokuwa na homa ya uzazi, na mtu uliyenyonya ziwa la mamake ni ndugu yako, hata kuoana haramu. Hapo ndipo penye ilimu ambayo daktari wako aliipita mlangoni na mkoba wake. Wanawake wa mji huu wanajua nani kanyonya kwa nani, na lini, na kwa muda gani, kwa sababu wakisahau, siku moja watamwoza mtu nduguye. Hawasahau. Waume tunasahau hata tulipovua viatu.

Nikamkuta Bi Rukia anachambua mchele. Nikamwambia, dada, nina miaka tisini, nataka uthibitisho.

"Huna tisini," akasema bila kuinua macho. "Una wazimu."

"Basi nina mingapi?"

Akamtuma mjukuu wake wa kike kuleta msahafu wa marehemu baba yake. Ukurasa wa mwanzo, kabla ya Fatiha, mzee yule alikuwa ameandika watoto wake wote kwa mkono wake, siku, mwezi na mwaka. Bi Rukia hajui kuandika, lakini kidole chake kilikwenda penyewe. "Huyu Amina, mdogo wangu, Mungu amrehemu. Wewe na yeye mmenyonya pamoja, yeye kulia wewe kushoto. Ulikuwa mchanga wa siku tisa, yeye anatimiza mwezi. Ulikuwa mlafi. Amina akilia, wewe hukuacha."

Tukahesabu. Kwa miaka yetu ya Kiislamu nina sabini. Kwa miaka ya Kizungu ni sitini na minane. Nikamwuliza kama hakuna njia ya kuhesabu inayotoa zaidi. Akanipa mchele nichambue.

Kisha nikafanya kosa la kumwuliza habari ya Omari. Akakipandisha kidole mistari michache juu. "Ndugu yangu Salim huyu hapa. Mama alipata jipu la ziwa, Salim akanyonya kwa mamake Omari, wote wawili vichanga. Omari akuzidi mwaka na miezi minne."

Mahfudhi, nilikaa pale kwenye mkeka kama mtu aliyefiwa.

Kwa muda wa siku tano mama yako na Bi Rukia wamekwenda nyumba kwa nyumba, juu, kwa wanawake, na mimi nikawa karani wao. Mtu asiyekuwa na msahafu wa kwao alipatikana kwa aliyenyonya naye, na huyo kwa mwengine, mpaka wakafika kwenye jina lililoandikwa. Wawili hawakupatikana kabisa, nimewaandika hawajulikani. Nawe waandike hivyo hivyo. Jana niliipeleka orodha yangu barazani nikaisoma. Ilikuwa kama nimetia pilipili kwenye birika.

"Wewe Shee una haki gani ya kuniondolea miaka yangu?" Bwana Ali akafoka. "Nimeizoea!"

Nilipolitaja jina la Omari, na ule mwaka na miezi minne, akainuka taratibu, akalichukua dele kwa yule muuza kahawa, akajimiminia mwenyewe kikombe cha kwanza, akakinywa chote huku ananitazama. Kisha akasema, "Shikamoo yangu iko wapi, mdogo wangu?" Nikamwamkia. Ndiyo, nilimwamkia. Mbele ya watu. Naandika hapa nimeuma meno. Kisha wakaweka sahihi zao wote, na asiyejua kuandika ametia dole gumba. Bwana Ali ametia gumba akiwa amefunga macho.

Orodha hiyo imo ndani ya bahasha hii.

Najua utakalosema. Utasema, baba, daktari atakasirika. Naam, atakasirika. Ile siri yake ya samaki na nazi imekufa, na mtu hapendi kufiwa akiwa safarini. Huenda akakutoa kwenye mkutano. Huenda na ile miaka miwili ya kusoma huko aliyokuahidi ukaikosa, ukarudi na sanduku lako kabla mama yako hajamaliza kulia. Nimelipima hilo siku tano hizi, na lilinitia hofu kuliko kaburi, nalo kaburi wajua silijali, nimekwisha kuwaambia wachimbe fupi nitakunja magoti. Nikajiuliza, nimwache aende na tisini zangu? Hapana atakayejua. Mzungu amefurahi, mtoto amepata, wazee wamepata sifa. Nikaona ni ile ile hadithi ya papa. Safari hii nimekuchapa ukiwa na miaka ishirini na saba.

Kwa hiyo kweli utaisema. Lakini usiiseme umeinama. Nakukataza. Usisimame mbele ya wale watu ukasema wazee wetu ni wajinga, hawajui miaka yao, mtusamehe. Waambie tuliwadanganya, na waulize kwa nini mtu aje na mkoba kwenye baraza la watu, asikae, asinywe, aulize tarakimu moja, kisha aiamini. Waambie miaka ya mji huu imeandikwa, iko ndani ya misahafu na katika vichwa vya wanawake, ghorofani, na ngazi ilikuwapo. Wakicheka, wacheke. Ukimaliza kucheka lazima uvute pumzi, na hapo ndipo utakapoendelea.

Na jambo jengine. Huko watasema mengi juu ya wazee wakati hapana mzee chumbani, isipokuwa wale wa kwao wenye vyeo. Watataja mikono inayotetemeka na akili zinazopungua. Baadhi yake ni kweli, mimi juzi niliitafuta miwani yangu nikiwa nimeivaa. Lakini nakwambia kitu nilichokifanya mwenyewe, hujakisikia kwa mtu.

Babu yako, baba yangu, alipopofuka alikuwa bado na nguvu. Mimi nilikuwa kijana, halua yangu imeanza kupata jina, watu wakubwa wanakuja nyumbani. Yeye alikuwa akikaa ukumbini, akisikia mgeni kaingia, yeye huuliza, "Nani huyo? Wa ukoo gani?" na kuuliza tena, na tena. Nikaona haya. Nikampeleka chumba cha nyuma, nikampa kitanda kizuri, mto mzuri, mtu wa kumlisha, kila kitu. Wageni wakiuliza nikisema amelala. Alikuwa hajalala. Alikuwa akigonga ukuta kwa bakora, polepole, pigo moja, akanyamaza, pigo moja. Mimi nikazungumza kwa sauti kubwa ili wasisikie. Aliishi hivyo miezi kumi na mmoja. Alipokufa, watu walisifu nilivyomtunza.

Hakuna aliyekosa kumlisha. Nilikosa kumjibu, basi. Alikuwa anauliza nani huyo.

Ndiyo maana daktari wako aliponifunua mdomo sikuchukia kama nilivyopaswa. Nilimtambua. Nilikuwa mimi yule, na mkoba. Naye si mtu mbaya, ana haraka tu, na amefundishwa kwamba uzee ni ugonjwa, kwa hiyo humtazama mzee akatafuta dawa. Mimi si mgonjwa, Mahfudhi. Nina magoti mabaya, mke anayenishinda maneno, na rafiki aliyenizidi mwaka na miezi minne. Nitakufa nikitaka, na sitaki. Wakati wa vita, sukari ilipokuwa ya kupimiwa na meko haya yakapoa, watu walisema Shee amekwisha. Yakawaka tena. Ukiwasikia huko wakimzungumza mzee kama nyumba inayongoja kubomoka, inua mkono wako, hata kama dakika zako kumi zimekwisha.

Sauti ya mama yako naisikia, anashuka ngazi kunitafuta, nami bado sijaandika lililonikalisha hapa.

Nimefikiri namna ya kukutua mzigo huu, nikaona karatasi haitoshi. Nikikupa orodha mkononi ukaondoka nayo, utakuwa wewe ndiye uliyemtangaza baba yako mwongo mbele ya Mzungu, na utasita, nakujua, utaingoja siku nzuri mpaka meli ifike Ulaya. Mimi ndimi niliyeifunga kalamu yako, niifungue mimi. Kesho asubuhi tutakusindikiza Kilindini, mimi, mama yako, Bi Rukia ndani ya buibui lake, na baraza zima, wamekataa kubaki. Daktari atakuwapo. Omari amekwisha kuapa kwamba atamkumbatia, Mungu amsaidie.

Kabla hujamsalimu mtu, toa daftari lako. Njoo mbele yangu, simama wima, na kwa sauti atakayoisikia daktari na makuli na kila aliye gatini, niulize: "Baba, una miaka mingapi?" Usiinamishe macho. Nitakujibu, uandike.

Salamu, nimezikumbuka: zako ni zote.

Mimi baba yako,
Shee, mpika halua